Sindano Kwenye Mstari Mwekundu

Sindano ya geji ya joto la oili ilitoka kwenye rangi ya kijani wakati ndege ikiwa bado inapanda. Rubani aliiona, akakigonga kioo cha geji kwa ukucha kama mtu anayebisha hodi, akasubiri irudi mahali pake. Haikurudi. Iliingia kwenye njano taratibu, bila haraka yoyote, ikawa inausogelea mstari mwekundu.

Kulia kwake alikaa mama mkwe wake, amepakata kapu la mikate, macho mbele. Tangu waiache ardhi alikuwa amefungua mdomo mara moja tu, kuuliza kama mlango wa upande wake umefungwa sawasawa.

Chini yao hapakuwa na barabara wala paa la nyumba. Asubuhi walifuata njia iliyonyooka, ile ile ambayo rubani aliwaambia watu wa uwanjani kabla ya kuondoka. Kisha ukuta wa vumbi ukasimama mbele yao, rangi ya kutu, kutoka ardhini hadi juu kabisa, naye akaukwepa kwa kugeukia kusini. Alipoona unamfuata, akapanda. Alipanda muda mrefu, pua ya ndege imeinuka, injini inakazana kama punda kwenye mlima. Walipoliacha vumbi nyuma, walikuwa mbali na njia ambayo mtu yeyote angewatafuta, na injini ilikuwa imeshika homa.

Safari yenyewe haikuwa ya kuahirisha. Mke wa rubani, binti wa huyu mama, alikuwa mwalimu katika mji wa mbali, na alikuwa akijiandaa kurudi nyumbani kujifungua. Uchungu ukamshika kabla ya wakati. Mafuriko yalikuwa yameondoka na daraja, mabasi yamesimama, na sauti iliyopiga simu kutoka hospitalini haikuficha jambo: mgonjwa amepoteza damu nyingi, atapasuliwa, ndugu waje. Rubani hakumwalika mama mkwe wake. Alimkuta tu amesimama mlangoni mwa karakana na kapu lake, unga ungali kwenye viwiko, maana alikuwa mwokaji mikate na habari ilimkuta mbele ya tanuri.

Ndege ilikuwa na umri mkubwa kuliko rubani. Mifupa ya mabomba ya chuma, ngozi ya kitambaa kilichopakwa rangi miaka nenda miaka rudi, viti viwili bega kwa bega, na injini ndogo ya silinda nne isiyokuwa hata na starta. Kuiwasha, mtu husimama mbele na kuizungusha rafadha, lile panga la puani, kwa mikono. Pale karakanani waliiita Ajuza. Siku mama mkwe alipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, aliuliza kwa upole mkubwa ni nani hasa aliyekuwa akisemwa.

Sasa geji ya pili, ile ya presha, ikaanza kushuka. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa. Oili ikichemka kupita kiasi huwa nyepesi kama maji, haishiki tena vyuma, chuma kinasugua chuma, na baada ya hapo injini hukwama ghafla na isizunguke tena kamwe. Alishusha pua, akapunguza moto, akangoja upepo uipoze. Sindano ilisita kidogo, kisha ikaendelea na safari yake.

"Mama," alisema, "nitatua."

Mama mkwe alichungulia chini. "Hapo chini hapana kitu."

"Ndiyo maana nitatua hapo."

Alichagua uwanda wa changarawe uliokuwa mweupe katikati ya vichaka vya miiba, akaupitia mara moja akiwa chini kuuangalia, akaurudia kinyume na upepo. Hakutaka kungoja injini ife. Aliona heri atue nayo ikiwa hai. Magurudumu yaligusa vizuri. Ndege ikakimbia, ikatetemeka, changarawe zikagonga tumbo lake kama mvua ya mawe, na rubani akaanza kuamini kwamba yamekwisha. Hapo gurudumu la kushoto likaingia kwenye mfereji uliochimbwa na maji ya zamani. Ndege ikajizungusha, rubani akarushwa kwenye nguzo ya mlango, na akasikia kitu kikivunjika ndani ya bega lake kabla hajasikia maumivu.

Vumbi walilolitimua likawafikia kutoka nyuma, injini ikalivuta ndani, naye akazima swichi. Rafadha ikasimama. Vumbi likaifunika ndege yote, likaingia kila mahali, kisha likatulia.

Mama mkwe alikuwa na mchubuko juu ya jicho. Mikate yote ilikuwa salama. Alimtazama mkwe wake, akaona jinsi mkono wa kushoto ulivyoning'inia, akateremka bila kuambiwa, akazunguka, akamfungulia mlango. Mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. Mfupa uliinua ngozi kama kijiti chini ya shuka. Alivua mtandio wake, akaufunga mkono ule kifuani kwa kuukaza, akikunja nguo vile vile alivyozoea kukunja unga, na hakusema pole hadi alipomaliza.

Walikaa kwenye kivuli cha bawa. Redio ilitoa mkwaruzo tu. Milima iliyokuwa mashariki iliwazuia wasisikike na mtu. Rubani alimweleza mama mkwe mambo yalivyo, na hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Watu watawatafuta, lakini watawatafuta kaskazini, kwenye njia iliyonyooka. Maji yaliyopo ni dumu moja dogo na chai iliyo kwenye chupa. Petroli inatosha kufika. Magurudumu ni mazima, mkia ni mzima. Kinachowazuia ni oili kupata joto, na hicho lazima kijulikane sababu yake, kwa kuwa wakiruka bila kuijua watarudi chini tena, na safari ijayo huenda wasipate uwanda.

"Ulijua ina ugonjwa huo?" mama mkwe aliuliza.

"Nilijua inapata joto. Nilidhani nimeiponya."

 Mama mkwe akasema binti yake alimwambia kwamba mumewe hulala karakanani akitengeneza chuma hiki, na yeye akamjibu kwamba mwanamume anayelala na chuma ataamka na kutu. Alisema hivyo bila kutabasamu, na rubani hakujua kama acheke. Alipojaribu, bega lilimkataza.

Mchana ule hawakufanya kitu. Injini ilikuwa ya moto mno kuguswa, na jua lilikuwa kali kiasi kwamba hata nzi walijificha. Walikunywa mifuniko ya maji, mmoja mmoja, wakatafuna mkate polepole. Jua lilipopoa, mama mkwe alionyesha mstari wa miti uliokuwa magharibi, mweusi, kama uko karibu tu. Alisema penye miti pana maji. Rubani alimwambia kwamba ule ni mto mkavu, na kwamba kwenye nchi tambarare hivi jicho hudanganya. Hawakubishana. Lakini kulipopambazuka, rubani alipofumbua macho, hakumwona. Mama mkwe alikuwa amechukua kopo tupu na kifuniko cha kapu cha kujikinga na jua, akaenda.

Rubani alisimama juu ya gurudumu, akaangalia. Alimwona kama nukta, halafu hakumwona tena. Alitaka kumfuata, akapiga hatua chache, mbele yake kukawa giza, akakaa chini. Ilibidi angoje. Alisema baadaye kwamba katika kila kilichowapata, saa zile za kungoja ndizo zilizomzeesha. Alimwaza mkewe akiamka kutoka kwenye upasuaji, akiuliza walipo watu wake. Alijiuliza atamwambiaje kwamba alimwacha mama yake akitembea peke yake kwenye miiba huku yeye amekaa kivulini.

Jua lilikuwa limepanda mama mkwe aliporudi. Alitembea vizuri lakini polepole, midomo imepauka, kucha zimejaa mchanga. Kopo lilikuwa tupu. Alikuwa amechimba hadi kiwikoni, kisha hadi begani, katika sehemu kadhaa, akakuta mchanga wenye ubaridi, akaweka shavu juu yake, na maji hayakutoka. Alijilaza chini ya bawa. Rubani akamimina kifuniko cha maji, akamshikia. Alikataa, akasema si zamu yake. Rubani akaendelea kumshikia kile kifuniko mpaka akanywa.

Baada ya muda mama mkwe akasema, macho yamefumbwa, "Kwa miguu hatuendi popote. Hii yako inatengenezwaje?"

"Kwa mikono miwili."

"Basi niambie cha kufanya."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Rubani aliketi juu ya sanduku la vifaa mbele ya injini, na mama mkwe akasimama na bisibisi. Skrubu za boneti zilikuwa ngumu, lakini mtu aliyekanda unga miaka yote ile alikuwa na vifundo vya mkono ambavyo mafundi wangevionea wivu. Zilitoka moja baada ya nyingine, akaziweka ndani ya kikombe cha chupa ya chai ili zisipotee. Boneti ya juu ikanyanyuliwa, ikalazwa kwenye changarawe.

Rubani alimpitisha katika yote ambayo alikwisha kuyafanya nyumbani, akisema kwa sauti ili naye mwenyewe ayasikie. Geji ilikuwa haidanganyi. Alikuwa ameitumbukiza sensa yake kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ikasoma sawa. Kipozeo cha oili alikiosha hadi kikatema maji safi. Thamostati inayoifungulia oili njia ya kwenda kwenye kipozeo aliichemsha pia, akaiona ikifunguka. Oili ilikuwa mpya na ya aina inayofaa. Moto wa plagi ulikuwa ukiwaka kwa wakati wake. Kila alipotengeneza kimoja, alijaribu kuruka kuzunguka uwanja, sindano ikakaa kwenye kijani, akafurahi. Hakuwahi kupanda muda mrefu, penye joto, mzigo ukiwa kamili.

Kwanza walipima oili. Mama mkwe alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Ilikuwa imepungua; iliyochemka ilikuwa imetapikwa nje kupitia bomba la kupumulia, ikaacha mchirizi mweusi tumboni mwa ndege. Walikuwa na kopo moja la akiba. Akalimimina lote, bila kumwaga hata tone. Rubani akamwambia ainuse ile ya kwenye kijiti. Alisema inanuka kuungua kidogo, kama ukoko wa mkate, lakini si sana. Hilo lilikuwa jema.

Lililofuata ndilo rubani aliloliogopa zaidi. Ikiwa ringi za pistoni zimekwisha, moto wa ndani hupenya ukaipika oili huko huko chini, na hakuna mtu anayebadilisha ringi jangwani. Alihakikisha swichi imezimwa, akaziangalia nyaya zake, akaiangalia swichi tena. Kisha akamwambia mama mkwe aizungushe rafadha taratibu kwa mkono, aone kila silinda inavyomkatalia, maana silinda yenye ringi nzima hugoma.

Mama mkwe akaisukuma. Ilikwenda kidogo, ikagoma, ikalegea kwa pumzi ndefu.

"Imekataa?"

"Imekataa."

"Sasa inayofuata. Usitumie nguvu zote. Sikiliza mkono wako."

Alizipitia zote nne, akarudia, amefumba macho. Zote, alisema, zilikataa sawasawa, kama unga uliokandwa ukaiva, ukiubonyeza unakurudishia kidole. Rubani aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo mpaka mama mkwe akauliza kama amezidiwa, akamjibu kwamba hapana, ni furaha tu, na haina pa kukaa kwa sababu ya hili bega.

Kama si geji, si kipozeo, si oili yenyewe, si ringi, basi ulikuwa upepo. Injini ile haikuwa na maji ya kuipoza. Uhai wake wote ulitegemea hewa inayoingia puani, ambayo lazima ilazimishwe kupita kati ya silinda na ndani ya kipozeo, isipate upenyo wa kutorokea. Kazi hiyo ilifanywa na vibati vyembamba vilivyoizunguka injini, na juu ya kila kibati ukanda wa mpira uliotakiwa kuibana boneti na kuziba. Rubani alikuwa ameviangalia vibati mara nyingi. Lakini boneti ikifunguliwa, mipira haina cha kubana, husimama tu. Na boneti ikifungwa, hakuna jicho linaloiona.

Aliangalia sasa. Mwanzoni hakuona kitu. Kisha akaiangalia boneti iliyolala chini, tumbo juu, akamwambia mama mkwe aigeuzie kwenye mwanga.

Vumbi la kutua lilikuwa limeingia mle ndani wakati injini ingali inazunguka, vumbi jembamba kama unga, na lilikuwa limenasa kwenye utando wa oili. Mahali palipozibwa vizuri, palikuwa na mstari safi ambao mpira uliusugua. Lakini upande wa nyuma, juu ya kipozeo hasa, hapakuwa na mstari. Palikuwa na vumbi lililolala kwa michirizi mirefu, yote imeelekea upande mmoja, kama nyasi zilizopitiwa na mafuriko. Huko ndiko hewa ilikokuwa ikikimbilia. Ilipita juu ya kipozeo bila kukigusa.

"Shika ule ukanda wa nyuma," alisema. "Uko laini?"

Mama mkwe aliushika. Ulikatika mkononi mwake kama biskuti. Na wa pembeni yake ulikuwa umejikunja, umelala kifudifudi upande usio wake, pengine tangu boneti ilipofungwa mara ya mwisho. Hewa iliyopaswa kuukaza ilikuwa ikiuinua na kupita.

 Kwa miezi mingi rubani alikuwa ameutafuta ugonjwa ndani ya chuma, kumbe ulikuwa kwenye vipande vya mpira ambavyo hata bei yake hakuna anayeiuliza.

Mpira walikuwa nao. Sakafu ya ndege ilitandikwa mkeka wa mpira mweusi, mzee lakini laini, kwa kuwa haukupata jua. Mama mkwe aliukata kwa kisu cha mkate, vipande vya upana wa vidole, huku rubani akimwelekeza uelekee wapi, upinde vipi, ili hewa ikija iusukume ukaze badala ya kuufungua. Redio iliyowanyima msaada wakaifungua, wakachukua nyaya zake. Mama mkwe alitoboa mpira kwa ncha ya bisibisi, akaupitishia waya kwenye matundu ya zamani ya kibati, akasokota kwa koleo. Kazi ilikuwa ya kudonoa na jua lilikuwa kichwani. Mara mbili alisimama, akashika bawa, akangoja kizunguzungu kipite. Maji yalikuwa yamebaki ya kulowesha ulimi.

Katika kufanya kazi walizungumza kidogo. Alimwambia rubani kwamba hakuwahi kumchukia. Mumewe alikuwa dereva wa malori, akaondoka siku moja na hakurudi, na tangu hapo aliapa binti yake ataolewa na mtu wa dukani, wa kaunta, anayeonekana alipo. Binti akamletea mtu wa angani. Rubani alisema angekuwa na binti, naye pengine angetaka huyo wa kaunta. Mama mkwe akaendelea kusokota waya. "Sasa utakuwa na mtoto," alisema. "Kama Mungu amependa, tayari unaye."

Waliifunga boneti jua likielekea kuzama. Rubani alitia kidole kila penye upenyo, akapapasa, akahisi mpira umebana. Walitumia mwanga uliobaki kuokota mawe makubwa mbele ya ndege na kuufukia ule mfereji kwa mateke na mikono. Wangeondoka alfajiri, hewa ikiwa ya baridi, maana hewa ya baridi hubeba vizuri na hupoza vizuri. Kila kitu kisicho na kazi kiliachwa: sanduku la vifaa, dumu, redio, mizigo. Kapu la mikate mama mkwe alilitua chini mwenyewe.

Kulipoanza kupambazuka, walimaliza maji. Kisha rubani akamfundisha kuwasha injini, kwa kuwa mkono mmoja haukutosha. Alimwonyesha pa kusimama. Viganja vilale bapa juu ya rafadha, vidole visiikumbatie. Ukishaivuta chini, unarudi nyuma palepale, hutazami, hustaajabu. Injini ikishika, kile chuma hakionekani, lakini kipo. Alimrudisha hatua zile hadi mama mkwe akamwambia ameshaelewa na asimfanye mtoto. Rubani akapanda, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

"Umezima?" mama mkwe aliuliza, kama alivyofundishwa.

"Nimezima."

Aliizungusha mara kadhaa kuivutia petroli. Akarudi nyuma, akajipangusa viganja kwenye nguo.

"Washa."

"Nimewasha."

Aliivuta. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akaivuta tena. Haikujibu. Mara ya tatu mguu wake uliteleza kwenye changarawe, akaanguka magoti, na rafadha ikasimama juu ya kichwa chake. Rubani alikuwa amekwisha kuzima swichi kabla hajapumua. Alitaka kumwambia waache, wapumzike, lakini alijua, na mama mkwe alijua, kwamba hawakuwa na kesho nyingine ya nguvu. Mama mkwe akainuka. Akatengeneza mahali pake pa kukanyaga kwa kisigino, akamwambia rubani awashe tena, naye akawasha. Akavuta kwa mgongo mzima, akageuka, akarudi, na nyuma yake injini ikanguruma.

Alipoingia na kufunga mlango, viganja vyake vilikuwa vimechunika. Rubani alishika usukani kwa mkono wa kulia. Kitasa cheusi cha mafuta kilichokuwa katikati kikawa kazi ya mama mkwe. Kusukuma ni kuongeza, kuvuta ni kupunguza. Walingoja oili ipate uvuguvugu.

"Sukuma. Polepole. Yote."

Ajuza akaondoka. Mkia ukainuka, mawe yakagonga, vichaka vikaja mbio, na rubani akaivuta pua kabla tu ya miiba. Magurudumu yalizichapa ncha za matawi. Wakawa hewani.

Hakupanda. Alikaa chini, karibu na ardhi, akiiacha ndege ishike mwendo na upepo uingie kwa nguvu. Maumivu yalimjaza machozi hata namba hazikusomeka, akamwomba mama mkwe amwangalizie sindano.

"Kijani," alisema. Muda ukapita. "Kijani bado."

Lakini milima ilikuwa mbele, na mji ulikuwa nyuma ya milima. Kuizunguka, petroli isingetosha. Rubani aliichagua sehemu iliyobonyea kati ya vilele viwili, akaanza kupanda.

"Njano," mama mkwe alisema.

Akapanda bado.

"Inaikaribia nyekundu."

"Vuta kidogo." Akalaza pua, akaiacha ndege iteleze mbele, mbavu za mlima zikipita pembeni. Wakangoja. Juzi, kabla ya kutua, sindano haikurudi.

"Imesimama," mama mkwe alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Inarudi. Mkwe, inarudi."

Hivyo ndivyo walivyoupanda ule mlima, kama wazee wanavyopanda ngazi: hatua kadhaa, kupumzika, hatua kadhaa. Sindano ilipanda, ikatulia, ikarudi. Kwenye ule mbonyeo upepo uliwashika, ukawatupa, rubani akapiga kelele kwa maumivu ya bega bila kutaka, na mama mkwe akauweka mkono wake mmoja juu ya usukani kando ya mkono wake, wakaushika pamoja. Miamba ilipita chini ya magurudumu, karibu hata wakaona vivuli vya majani. Kisha ardhi ikaanguka chini mbele yao, ikawa ya kijani, na mto uliofurika ukang'aa, na ng'ambo yake kulikuwa na mabati ya nyumba.

Watu wa uwanja mdogo wa mji ule walikuja mbio. Walisema ndege mbili zilikuwa zimewatafuta kaskazini tangu juzi. Waliwapa maji, wakawaambia wanywe kidogo kidogo. Mmoja alitaka kumlaza rubani chini. Rubani aliuliza hospitali iko upande gani.

Kwenye korido ya wodi muuguzi aliwaambia habari ikiwa bado wamesimama. Mgonjwa alipasuliwa, akawekewa damu, usiku wa kwanza walimkatia tamaa, lakini sasa amefungua macho. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, yuko kwenye mashine ya joto, ananyonya kwa chupa. Kwa sasa ataingia mtu mmoja tu, na kwa muda mfupi.

Rubani alisogea pembeni ya mlango. Nguo zake zilikuwa na oili, mkono wake umefungwa mtandio uliobadilika rangi. "Ingia, mama."

Mama mkwe aliutazama mlango. Alikuwa amevuka yote yale kwa ajili ya mlango huo. Alivitazama viganja vyake, akavikunja, akaenda kwenye benchi, akakaa.

"Tangulia wewe," alisema. "Mimi nitaingia nikishaacha kutetemeka."

Mkewe alikuwa amelala chali, amepungua, midomo mikavu kama yake. Alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kumtambua. Hakuuliza kuhusu mkono. Aliuliza, "Mama yuko wapi?"

"Yuko nje, kwenye benchi. Amesema nitangulie."

"Mama amesema utangulie," mkewe alirudia polepole. "Mama yangu mimi."

"Ndiyo."

Mkewe alimwangalia tena, safari hii usoni, kisha kwenye mtandio aliofungwa, ambao aliujua. Machozi yakamshuka pembeni hadi masikioni bila sauti. Akautafuta mkono ule mzima, akaushika, akaukaza.